Kusoma Si Kuimba

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wanafunzi wa zamani ambao bado mwalikumbuka gazeti hili, naomba nafasi kidogo niwaeleze kazi ambayo baadhi yetu twaifanya kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa. Kazi yenyewe ni kuwafundisha watoto wadogo wa shule ya msingi kuelewa wanachokisoma, nasi twaifanya kwa njia ya michezo. Mimi si mwalimu. Nina umri wa miaka 19, niko kidato cha sita, na yale nitakayoyasema nimeyapata kwa kujaribu, kwa kukosea, na kwa kusoma vitabu vichache ambavyo mtunza maktaba wetu alinitafutia.

Lakini kwanza hapana budi niseme kwa nini nilianza.

Nilipokuwa na umri wa miaka 10, katika darasa la nne, nilisifiwa kuwa msomaji bora wa darasa letu. Siku ya wazazi nilisimamishwa mbele nikasoma ukurasa mzima wa Kiingereza pasipo kukwama hata mara moja, na watu wakapiga makofi. Nyanya yangu, mama mzaa baba, alikuwako. Yeye hakupata kusoma shuleni, na siku ile alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Baada ya majuma machache alikwenda hospitali kwa ajili ya maradhi yake, akarudi na kijikaratasi kilichoandikwa kwa Kiingereza. Akanipa, akasema, “Mjukuu wangu, nisomee.” Nikasoma kwa sauti nzuri, tangu juu hata chini. Akangoja. Kisha akauliza, “Basi, yasemaje?”

Hapo nilinyamaza. Maneno yote nilikuwa nimeyatamka, lakini hakuna lililobaki kichwani. Kwa kuwa niliona haya kusema sijui, nilikisia. Niliona neno la siku ya Jumatatu, neno la asubuhi na neno la chakula, nikamwambia, “Nyanya, wanasema uende Jumatatu asubuhi ukiisha kula.” Jumatatu alikunywa uji wake, akatembea maili nne. Huko wakamwambia ya kuwa karatasi ilimwagiza aje kabla ya kula, maana walitaka kupima sukari katika damu yake. Akarudishwa nyumbani, arudi tena kesho yake.

Nyanya hakunigombeza. Alikaa chini ya mwembe, akavua viatu, akaniuliza, “Mjukuu wangu, wewe wasoma, au waimba tu?”

Swali hilo sijalisahau mpaka leo, na makala hii yote ni jitihada ya kulijibu.

KAZI MBILI ZA MSOMAJI

Mtu asomaye hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kuzigeuza herufi ziwe sauti na maneno. Ya pili ni kuyaelewa maneno hayo kama vile angeyaelewa kama mtu angemwambia kwa mdomo. Mwaka wa 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliliandika jambo hili kwa mfano wa hesabu. Walisema kwamba kuelewa maandishi ni sawa na kutambua maneno mara kuelewa lugha. Angalieni, hawakusema kujumlisha, walisema kuzidisha. Sisi sote twajua kwamba ukizidisha namba yoyote kwa sufuri, jawabu ni sufuri. Mtoto atambuaye kila neno lakini haelewi lugha, jawabu lake ni sufuri. Na mtoto aelewaye lugha vizuri lakini hazijui herufi, jawabu lake pia ni sufuri.

Mimi mbele ya nyanya nilikuwa na namba kubwa upande mmoja, na upande wa pili karibu sufuri. Makofi ya siku ya wazazi yalipigiwa upande mmoja tu.

Hapa Tororo jambo hili ni zito zaidi. Mji wetu una watu wa lugha nyingi: Wajopadhola, Waiteso, Wasamia, Wanyole na wengine walioletwa na reli, kiwanda cha saruji na biashara ya mpakani. Tangu mwaka wa 2007 mtaala wa Uganda umeagiza kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali; lakini palipo na mchanganyiko wa lugha, hasa mijini, Kiingereza ndicho hutumika tangu mwanzo. Basi mtoto wa miaka sita hujifunza herufi na lugha ngeni siku ile ile. Akizishika herufi, wakubwa hudhani ameshika vyote.

Kwa sababu hiyo sisi tulichagua kutumia Kiswahili katika michezo yetu. Watoto wa mtaa huu hukisikia sokoni, stendi ya mabasi na uwanja wa mpira, na tena Kiswahili husomwa kama kiandikwavyo, herufi kwa sauti yake. Kwa hiyo mtoto hazitumii nguvu zake zote katika kutamka, naye hubakiwa na nguvu za kufikiri.

MCHEZO ULIOTUPOTEZA

Siku ya kwanza tulikosea. Tulikata maboksi ya sabuni tukatengeneza kadi, tukaandika sentensi, tukafanya mashindano ya mbio. Watoto walisimama makundi mawili. Kila mmoja alikimbia mpaka mezani, akasoma kadi kwa sauti, akarudi. Kundi la kwanza kumaliza lilishinda. Furaha ilikuwa kubwa hata katekista akaja kutazama kuna nini. Tulijiona tumefaulu.

Mwishoni nilimwuliza mtoto wa kiume aliyekuwa mshindi, “Kadi yako ilisema nini?” Akatabasamu, akasema, “Nilisoma haraka.” Nikamwuliza wa pili, naye hakujua. Wale watoto walikuwa wameimba, kama mimi nilivyoimba. Mchezo wetu uliwalipa kwa mwendo, nao wakatupa mwendo.

Kutokana na kosa hilo tulipata kanuni ambayo naiona kuwa ndiyo kiini cha kazi hii yote: mchezo wa kufundisha kuelewa ni ule ambao mtu hawezi kuushinda pasipo kuelewa. Ukitaka kuupima mchezo wako, jiulize, “Je, kasuku angeweza kushinda?” Kama kasuku aliyefundishwa kutamka angeweza kushinda, tafuta mchezo mwingine.

Sasa nitaeleza michezo mitano tunayoitumia. Vifaa vyake ni maboksi, kalamu ya wino mzito, kokoto, vifuniko vya chupa za soda na udongo wa mfinyanzi.

1. SOMA, UTENDE

Kila mtoto hupewa kadi moja, naye huisoma kimya. Haruhusiwi kutamka. Kisha hutenda kilichoandikwa, na wenziwe ambao wameiona kadi huamua kama ametenda sawa. Kadi zetu ni kama hizi:

Weka kokoto tatu juu ya kifuniko, kisha ondoa moja.

Mpe mwenzako kila kitu ulicho nacho ila kijiti.

Ikiwa jina lako lina herufi A, shika sikio. Ikiwa halina, shika pua.

Kabla ya kusimama, piga makofi mara mbili.

Mtaona kwamba maneno makubwa katika kadi hizi ni mepesi. Kokoto, kijiti, sikio, makofi, yote mtoto ayajua. Ugumu umo katika maneno madogo: kisha, ila, ikiwa, kabla, juu, chini. Maneno haya mtoto huyaruka kama mtu arukavyo mfereji, lakini ndiyo yanayoshika maana yote.

Kadi ile ya makofi tuliitoa kwa watoto kumi na wanne siku moja. Wanne tu walipiga makofi kwanza. Wengine wote waliona neno la kusimama, wakasimama wima mara moja, ndipo wakapiga makofi. Nilipowatazama niliona kama najitazama mwenyewe nikiwa na kile kijikaratasi cha hospitali, maana neno nililoliruka mimi lilikuwa hilo hilo, kabla. Tofauti ni kwamba hawa walikosea mchezoni, wakacheka, wakarudia. Mimi nilikosea na mwanamke mgonjwa akatembea maili nane kwenda na kurudi bure.

Mchezo huu una nguvu kwa sababu kosa laonekana wazi. Mtoto akisema “nimeelewa”, hatuna njia ya kuingia kichwani mwake tuone. Lakini akitenda, kila mtu ameona, na yeye mwenyewe ameona.

Tena tunayo namna nyingine ya mchezo huu. Watoto hufinyanga ng'ombe, mbuzi, zizi na mkokoteni wa udongo. Kisha husoma hadithi fupi, na kila baada ya sentensi huvisogeza vile vinyago kama hadithi isemavyo. Sikuibuni njia hii mimi. Mwaka wa 2004 Arthur Glenberg na wenzake huko Marekani walieleza jinsi walivyowapa watoto wa darasa la kwanza na la pili vinyago vya shamba, wavisogeze kadiri walivyosoma. Watoto hao walielewa na kukumbuka hadithi kuliko wale waliosoma na kurudia kusoma tu. Baadaye watoto waliambiwa wavisogeze kwa mawazo tu, pasipo kuvigusa, na hilo nalo likawasaidia. Nasi tumeona vivyo hivyo. Baada ya majuma kadhaa twaviondoa vinyago, twasema, “Sasa visogezeni kichwani.” Watoto wengine hufumba macho kidogo kila mwisho wa sentensi.

2. KADI YENYE KASORO

Mchezo huu ndio niupendao kuliko yote, na asili yake yafaa kuelezwa. Mwaka wa 1977 mtaalamu wa elimu ya nafsi, Ellen Markman, aliandika juu ya jaribio alilolifanya kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu. Aliwaomba wamsaidie kuona kama maelezo yake ya mchezo wa karata yalikuwa wazi. Aliwaeleza kwamba kila mchezaji afunue karata, kisha watazame ni nani mwenye karata maalumu. Lakini hakusema karata maalumu ni ipi. Pasipo kujua hilo mchezo hauwezekani. Hata hivyo watoto wadogo wengi walisema wameelewa. Walipojaribu kucheza, ndipo walipogundua kwamba kuna jambo limekosekana.

Basi mtoto mdogo huweza kutoelewa, naye asijue ya kuwa haelewi. Ugonjwa usiojulikana hautafutiwi dawa.

Sisi twaandika kadi ya namna hii:

Wachezaji ni wawili. Kila mmoja achukue vifuniko sita. Rusheni kwa zamu. Kifuniko kikianguka mahali pake, jipatie alama moja. Mwenye alama nyingi ameshinda.

Mara ya kwanza watoto walisoma, wakapiga kelele, “Tumeelewa!” wakaanza kurusha. Haikupita dakika moja wakagombana, maana kila mmoja alidai kifuniko chake kimeanguka mahali pake. Msichana mmoja wa darasa la pili, ambaye husema kwa nadra sana, aliichukua kadi, akaisoma tena polepole, akauliza, “Mahali pake ni wapi?” Ukumbi ukanyamaza. Tukamwambia kwamba yeye ndiye mshindi wa siku ile, ingawa hakurusha hata kifuniko kimoja.

Tangu hapo kanuni ya mchezo ni hii: alama hupewa yule aulizaye swali ambalo kadi imeshindwa kulijibu. Twachanganya kadi nzima na kadi zenye kasoro, ili mtoto asizoee kuuliza ovyo. Katika shule nyingi mtoto aulizaye huonekana mjinga, na anyamazaye huonekana amejua. Mchezo huu waipindua desturi hiyo.

3. HADITHI ILIYOKATWA

Chukua hadithi fupi, uikate vipande, uvichanganye, kisha watoto wawili wawili wavipange. Hii ni mojawapo ya hadithi zetu:

Mama alisahau kufunga mlango wa jiko. Mbuzi akaingia. Akala unga wote. Usiku watoto walilala na njaa. Baba akatengeneza komeo.

Baada ya kupanga, kila kundi huulizwa, “Kwa nini baba alitengeneza komeo?” Tazameni kwamba jibu halikuandikwa popote. Mtoto hana budi kulijenga mwenyewe kwa kuunganisha mbuzi, unga na mlango. Maandishi mengi duniani ni hivi. Mwandishi husema nusu, na nusu humwachia msomaji.

Siku moja watoto wawili waliweka komeo mwanzo. Nilitaka kuwasahihisha, lakini mmoja wao akasema, “Baba alitengeneza komeo kwanza, lakini mama akasahau kulifunga, ndiyo maana mbuzi akaingia.” Nikafikiri, nikaona hoja yake ni sawa kabisa. Nilikubali mbele ya wote, kisha nikaandika maneno mawili kabla ya neno baba: kesho yake. Nikawauliza, “Na sasa?” Wakalihamisha komeo mpaka mwisho, wakicheka. Mimi niliyejiita mwalimu nilijifunza kwamba mtoto akipanga tofauti, kwanza aulizwe sababu yake. Huenda kosa limo katika hadithi.

4. MIMI NI NANI?

Vitendawili twavijua sote tangu utotoni, kila kabila kwa lugha yake. Sisi huviandika kwenye kadi, kila kidokezo mstari wake, na mtoto hufunua mstari mmoja mmoja. Mathalan:

Asubuhi mimi ni mrefu.

Adhuhuri nimekuwa mfupi.

Jioni ni mrefu tena.

Siku ya mawingu hunioni.

Baada ya kila mstari mtoto husema anachokisia na kwa nini. Mstari wa kwanza huleta majibu kumi, wa pili huyapunguza, na wa nne huleta kivuli. Fundisho lake ni kwamba msomaji mzuri huwa na mawazo mapema, lakini huwa tayari kuyaacha mstari unaofuata ukiyakataa. Mtoto ashikiliaye jibu lake la kwanza hata mwisho hupoteza alama.

5. MWALIMU MDOGO

Mchezo huu ni wa watoto waliokwisha kuendelea. Twaweka vifuniko vinne chini, kila kimoja kina alama yake. Watoto wanne husoma kifungu kifupi, kisha kila mmoja huokota kifuniko na kufanya kazi yake. Mwenye jicho hutabiri kitakachofuata. Mwenye alama ya kuuliza huwauliza wenziwe swali. Mwenye taa hueleza neno au jambo lililo gumu. Mwenye fundo hufunga habari yote kwa sentensi moja. Kifungu kinachofuata, vifuniko hubadilishwa.

Kazi hizi nne zilielezwa na Annemarie Palincsar na Ann Brown mwaka wa 1984. Wao waliwafundisha wanafunzi wakubwa kidogo, waliotamka vizuri lakini hawakuelewa vizuri. Mwalimu alianza kwa kuonyesha, kisha wanafunzi wakashika nafasi ya mwalimu kwa zamu, na kuelewa kwao kukaongezeka sana. Sisi tumepunguza ukubwa wa vifungu, lakini kazi ni zile zile. Iliyo ngumu kuliko zote ni ile ya fundo. Watoto hupenda kusimulia habari yote upya. Kwa hiyo tuliweka sharti kwamba mwenye fundo aseme kwa pumzi moja tu.

MAONYO MACHACHE

Kama mwataka kuijaribu michezo hii nyumbani au shuleni, yafaa mjue mambo matatu.

Kwanza, chagueni habari ambazo mtoto anazo mwanzo wake. Mwaka wa 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 wa Marekani habari ya mchezo wao wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo huo walieleza habari ile vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Hapa kwetu mtoto atakwama katika hadithi ya theluji, si kwa upumbavu, bali kwa kuwa hajaiona. Mpeni mbuzi, soko, bodaboda na mvua iliyochelewa. Theluji itakuja baadaye, tena ielezwe kabla ya kusomwa.

Pili, mchezo usiwe mrefu. Dakika 15 zatosha, na baada yake lazima pawe na mazungumzo: umejuaje? neno gani limekuonyesha? Mchezo pasipo mazungumzo hayo ni kama kuvuna na kuyaacha mahindi shambani.

Tatu, asichekwe akoseaye. Kosa lichekwe, mtoto asichekwe. Ni vigumu kutenga mambo haya mawili, nami siku nyingine nimeshindwa. Kuna mtoto aliyeacha kuja kwa majuma matatu kwa sababu niliionyesha kadi yake mbele ya wote. Ilinibidi nimfuate kwao nikaombe radhi kwa mama yake.

JE, HUKU SI KUPOTEZA WAKATI?

Mzee mmoja aliyefundisha miaka mingi alitutembelea, akasema kwa upole kwamba siku zao watoto walisoma kwa sauti wote pamoja, na hapakuwa na vifuniko vya soda, nao wakafaulu. Namheshimu sana, wala simdharau. Kusoma kwa sauti kuna kazi yake. Mtoto asiyetambua maneno upesi hawezi kufika penye maana. Herufi zifundishwe kwa bidii kila siku, na michezo yetu haichukui mahali pake.

Lakini swali langu ni hili: upande wa pili wa ile hesabu hufundishwa saa ngapi? Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Marekani, Dolores Durkin alikaa madarasani akihesabu dakika za masomo ya kusoma. Katika dakika zaidi ya 4,000 za darasa la nne, zile ambazo mwalimu alifundisha hasa namna ya kuelewa hazikufika nusu saa. Walimu walitoa maswali na kusahihisha majibu, yaani walipima kuelewa pasipo kukufundisha. Kama ndivyo ilivyokuwa huko kwenye vitabu tele, sisi wenye watoto wengi kwa mwalimu mmoja tusijidanganye. Mwalimu mwenye watoto 90 hawezi kumwuliza kila mmoja, “Yasemaje?” Lakini watoto wanne wenye vifuniko vinne waweza kuulizana wao kwa wao.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wenzangu: wakati wa likizo, kila mmoja achukue watoto wanne wa jirani na boksi moja la sabuni. Na ninyi wanafunzi wa zamani, ambao wengine ni walimu na wazazi, mkimsikia mtoto wenu akisoma vizuri, msipige makofi bado. Mwulizeni kwanza swali la nyanya yangu.

Yeye yu hai bado, na maradhi yake ameyazoea. Likizo iliyopita alinunua dawa ya kuku iliyotoka ng'ambo ya mpaka, karatasi yake imeandikwa kwa Kiswahili. Hakunipa mimi. Alimwita mdogo wangu wa darasa la tatu, ambaye huja nami ukumbini kila Jumamosi, akamwambia, “Nisomee.”

Mtoto aliisoma kimya. Nyanya akangoja sauti, sauti haikuja. Mwishowe mtoto akainua macho, akauliza, “Nyanya, unataka kuwapa kuku wakubwa au vifaranga? Maana kipimo si kimoja.”

Nyanya alinitazama mimi, si yeye. Akasema, “Huyu anasoma.” Kisha akaenda kuchota maji ya dawa.